Kiingereza cha Nyama ya Ng'ombe

Pale chuo cha afya Mpanda, ukifeli unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli na hiyo, unadisko: unafunga begi, unarudi kwenu. Mimi nilikuwa na sapu ya maneno ya kitabibu, na kwetu ni Kasekese, kwa wafugaji, ambako shangazi alishatangaza kwamba chuo si cha watu wa kuswaga ng'ombe. Raha hiyo sikutaka kumpa hata kidogo.

Wenzangu walikuwa wanakremu. Wanaimba neno zima mpaka sauti inakauka, wakiamka asubuhi limeshayeyuka. Mimi nilikataa. Siku moja mwalimu alitaja juujuu tu kwamba maneno yale yameungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na kila kipande kina maana yake. Basi nikavigawa kama tunavyogawa nyama nyumbani, maana kwetu ng'ombe akichinjwa kila kipande kina mwenyewe na hakuna kubishana. Hepato, ini, la bibi, kwa kuwa hana meno. Nefro, figo, za wachungaji, wanazichoma palepale. Kadio, moyo, wa baba. Megali ni kitu kukua kupita kiasi, hicho nikakiweka pembeni kama chumvi. Wakanicheka: "Dada, unasoma au unafungua bucha?" Wacheke. Ini la bibi halikunitoka tena kichwani.

Sapu ilikuwa ya mdomo, mbele ya mwalimu yuleyule. Akaniuliza splenomegali ni nini. Nikaanza kumtafuta mwenye kipande, mdomo ukanitangulia.

"Ya mbwa."

Akavua miwani. "Unanitukana?"

"Hapana, mwalimu. Spleno ni bandama. Nyumbani bandama tunamtupia mbwa, ndivyo nilivyoishika. Kwa hiyo ni bandama iliyokua kupita kiasi."

Akasema habari za mbwa haziletwi chuoni, niombe radhi au aandike sifuri. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilimwona shangazi amesimama mlangoni kwetu ananisubiri na begi langu. Lakini hasira nayo ikapanda. Niombe radhi kwa kujua?

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Ila niambie kwanza, jibu ni sahihi au si sahihi?"

Akainama akaandika.

"Sahihi."

"Basi radhi sina, mwalimu. Niulize lingine."