Bwawa Lililochimbwa Kabiro

Mwenye ploti alitoa simu akatuonyesha picha. Ilikuwa ya bwawa la kuogelea lenye umbo la haragwe, maji ya buluu, na pembeni kibanda cha makuti chenye viti vya kusukwa. Sijui ilipigwa nchi gani. "Nataka hii," alisema. "Hapa." Akatuonyesha uwanja wa nyuma ya nyumba yake, ambapo muda mfupi kabla ya hapo palikuwa na vyumba vya mabati vya kupangisha. Wapangaji walikuwa wamehamishwa na vyumba kubomolewa. Zilibaki sakafu tu, kila moja na rangi yake, na juu yake vipande vya kalenda na kijiko kimoja kimoja.

Fundi aliangalia picha, akaangalia uwanja, kisha akainua macho kwenye maghorofa yaliyoizunguka ploti pande tatu, nguo zimeanikwa hadi juu.

"Mzee, hawa watu wa juu watakuwa wanaogelea kwa macho."

"Waache waangalie. Macho haimalizi maji."

Ardhi ile ilikuwa ya baba yake, tangu Kabiro ilipokuwa mashamba ya mahindi. Wapangaji walikuwa wamemchosha, alisema. Alitaka mahali pa kukodisha Jumamosi kwa sherehe za watoto, kwa ruracio za kupeleka mahari, kwa watu wanaotaka kupigwa picha karibu na maji. Alitaka nyasi, mahali pa kuchomea nyama, na taa ndogo za kuning'inia.

Fundi alikuwa jirani yetu Lindi, mtaa wetu wa mabanda bondeni, mtu wa kutoka ziwani kama mama yangu. Nilipomaliza darasa la nane na kukosa njia ya kuendelea, yeye ndiye aliyenichukua niwe mtu wake wa mkono. Nilichanganya simiti, nilibeba mawe, nilishika ncha ya pili ya kamba. Asubuhi tulipanda kutoka Lindi kwa miguu, tukavuka barabara ya Ngong, tukaenda hadi Kawangware, ambako Kabiro iko, yeye akiongea na mimi nikisikiliza. Kila mmoja wetu aliridhika na kazi yake.

Alikuwa amejenga vyoo, kuta na matangi, lakini bwawa hakuwa amewahi. "Omera, ndugu yangu, bwawa ni tangi ambalo limelala," aliniambia, na sauti yake haikuonyesha wasiwasi. Tulilichora kwa majivu. Mwenye ploti alipanda juu ya nyumba yake ili aone umbo vizuri, akawa anapiga kelele kutoka huko.

"Ongeza tumbo. Sasa imekuwa figo."

"Figo pia inashika maji, mzee," fundi alimjibu. Tukafuta kwa miguu, tukachora tena.

Karibu na ukuta kulipangwa chumba kidogo cha mawe cha kuweka pampu. Mwenye ploti alisema atakayelitunza bwawa atalala humo, kwa sababu pampu bila mtu huibiwa. Akaniangalia. "Huyu hana maneno. Wageni hawapendi mtu wa maneno."

Nilitaka kumuuliza kuhusu mama, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni, lakini haikutoka. Fundi ndiye aliyeniulizia. Alimwambia kwamba mama ana kifua kibaya na tunakaa chini kabisa karibu na mto.

"Aje," mwenye ploti alisema. "Taulo zitahitaji mtu wa kufua. Lakini kwanza nione bwawa limeshika maji."

Tangu siku hiyo nilichimba lile shimo kama mtu anayechimba msingi wa nyumba yake.

Chumba chetu cha Lindi kilikuwa cha udongo, kimezungushiwa mabati, na mvua ikinyesha maji hayakuingia kwa mlango, yalitoka chini ya sakafu. Mama alikohoa mwaka mzima. Kliniki walimwambia aondoke kwenye unyevu, na alipotusimulia alicheka, kana kwamba walikuwa wamemwambia aende akakae Lavington na matajiri. Nilipompelekea habari ya chumba cha pampu aliuliza kitu kimoja tu.

"Ukuta ni mawe?"

"Ni mawe."

"Na chini?"

"Simiti. Pakavu."

Aliwaambia wanawake wa kanisa. Walikuja wakamwombea, wakamletea pazia la lile dirisha la chumba cha pampu ambalo hata sisi tulikuwa hatujalijenga. Mwenye nyumba wetu naye, mama alipomwambia tunahama, alipata mpangaji mwingine upesi, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye alileta godoro lake limefungwa kwa nailoni akaliegemeza nyuma ya mlango wetu. Nilimwambia mama angoje kwanza maji yaingie.

"Baba, huyo ana mtoto mdogo," alisema. Huniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. "Atangoja wapi?"

Upande wa kina kirefu, kwenye kona, udongo mwekundu uliisha na ukaanza mweusi, laini, wenye soli za ndara, vipande vya chupa na beseni lililooza. Fundi aliuchukua mkononi akaunusa. Haukunuka kitu.

"Takataka. Hizi ploti zote zilikuwa na shimo la takataka."

Tulitoa tulichoweza, tukajaza mawe makubwa, tukashindilia hadi mikono ikafa ganzi. Tukasuka vyuma juu yake, tukamwaga zege. Ukikanyaga, palikuwa pagumu kama mahali pengine popote.

Nje ya geti palikuwa na mama mboga. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji wa ile ploti miaka mingi, na hata baada ya kuhamishwa alirudi kila siku kuuza palepale kwa kuwa wateja walimjua hapo. Mchana alinipa githeri, mahindi na maharagwe ya moto, na kreti ya kukalia. Hakunilazimisha kuongea, na kwa hilo nilimpenda. Siku moja alichungulia ndani.

"Pale kwa kona mnaenda chini sana?"

"Pale ndio kina kirefu, mathe."

"Haya," alisema, akaendelea kukata majani ya sukuma.

Tuliweka taili za buluu. Tukatandika matofali ya kabro kuzunguka bwawa, tukaezeka kibanda kwa makuti, na nyasi zikaletwa zimekunjwa kama mikeka. Chumba cha pampu kilipakwa rangi nyeupe. Malori ya maji yalikuja wiki ambayo mifereji ya Kabiro ilikuwa imekauka, na watu wakajaa getini na mitungi yao. Mwenye ploti aliwaruhusu wachache wachote, wengine wakaanza kusukumana, akafunga geti. Walibaki nje wakisikiliza maji yakimwagika.

Bwawa lilishika. Siku ya kwanza lilishika, na ya pili pia. Mwenye ploti alileta jamaa zake, akawaonyesha mahali pa kuchomea nyama, akanipa ufunguo wa chumba mbele yao. Niliufunga kwenye kamba nikauvaa shingoni, ndani ya shati.

Kisha asubuhi moja tukakuta mstari wa maji umeshuka kiasi cha kiganja. Kufikia mchana ulikuwa umeshuka hadi magotini. Kwenye kona ya kina kirefu taili zilikuwa zimeachana, na sakafu imebonyea kama kiti kilichokaliwa na mtu mzito. Fundi alingoja maji yaishe, akashuka, akapiga mtaimbo mara moja kwenye ufa. Mtaimbo ulizama hadi mikononi mwake. Alipouvuta, harufu ilipanda.

Halafu mwenye ploti akasema polepole, "Ni choo." Zamani za baba yake yeye alikuwa shule ya bweni, na akirudi alikuta ploti imebadilika. Wakati huo choo kikijaa kilifukiwa, kingine kikachimbwa kando. Hakuwahi kuuliza cha kwanza kilikuwa wapi. Waliojua ni wale waliokaa pale, na hao ndio aliokuwa amewahamisha.

Fundi alitoka getini, nami nyuma yake. Mama mboga hakuinua kichwa.

"Hiyo kona ilikuwa nyumba yangu," alisema. "Choo ilijaa, baba ya huyu mzee wenu akamwaga mawe na jivu, akajenga nyumba juu, akanipangishia bei ya chini. Kila mvua ya masika sakafu inashuka, nami natia simiti."

"Na ulituona tukichimba," fundi alisema.

"Niliwaona."

"Sasa mbona ukanyamaza, mathe?"

"Notisi ya kuhama nilipewa Jumapili, nikitoka kanisani, bado nimeshika Biblia. Kuna mtu alinikalisha chini akaniuliza kitu kuhusu hii ploti? Wewe uliniuliza?"

Mama mboga akaniangalia mimi, akaona ile kamba shingoni, na kisu chake kikasimama.

"Kijana wangu, wewe ulikuwa na nini huko ndani?"

Fundi akamwambia. Yule mama aliweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena. "Si ungesema," aliniambia. "Umekula hapa kila siku. Si ungesema tu."

Fundi alimweleza mwenye ploti kwamba lile shimo linaweza kuchimbuliwa lote, lijazwe mawe na zege, na kona ijengwe upya. Mwenye ploti alisimama chini ya makuti, akaangalia nyasi zake, ambazo zilikuwa zimeanza kushika mizizi.

"Fundi, hapa kumeishi watu tangu niwe mtoto. Kama choo ya kwanza iko hapo, ya pili iko wapi? Na ya tatu?"

Hata mama mboga alijua ile ya kwake tu. Mwenye ploti aliamua bwawa lifukiwe, na juu yake vijengwe vyumba, safari hii vya mawe, vya watu wenye mishahara. Sisi ndio tuliolifukia.

Siku ya mwisho nilimngoja kando ya gari lake hadi alipomaliza kuongea na simu.

"Mzee, kile chumba."

"Chumba gani?"

"Cha pampu."

"Pampu nimerudisha dukani, kijana. Hicho sasa ni chumba cha kupangisha kama vingine. Ukipata uwezo, kuja tuongee." Hakusema kwa ubaya. Alinyoosha mkono, nikavua kamba shingoni nikampa ufunguo pamoja na kamba yake.

Mama alikuwa amejua tangu siku ile ya ufa, kwa maana nilimwambia jioni hiyohiyo. Aliuliza kama imepasuka kabisa. Nikasema kabisa. Hakumwomba yule kijana mwenye mtoto aondoe godoro lake. Mwisho wa mwezi walihamia chumbani mwetu kama walivyoahidiwa, na mwenye nyumba akatupa kingine chini zaidi, cha mwisho kabla ya mto.

Wanawake wa kanisa walikuja kutusaidia kubeba. Njia ilikuwa fupi sana. Tulipita mbele ya milango yote iliyokuwa imemuaga mama, yeye akiwa na sufuria na lile pazia kwapani, na mmoja wa wale wanawake, ambaye kazi yake huwa ni kuchekesha, akasema, "Kumbe Kawangware wameisongeza. Iko hapa tu chini."

Wote walicheka. Mama alicheka kuliko wote, hadi kikohozi kikamshika, wakasimama kumngoja. Mimi nilikuwa na godoro kichwani, limeinama mbele na nyuma. Nililivuta chini kidogo usoni, nikaendelea kushuka.