Dume la Aili Kangas

Aili Kangas ameishi kando ya kinamasi cha mierezi, kaskazini mwa Michigan, tangu alipoolewa na Eino. Eino alipofariki, akashika bunduki mwenyewe. Kulungu mmoja humvusha kipindi cha baridi, na leseni yake ni ya mmoja tu. Kwa akina Kangas, uliyemjeruhi ni wako hata usipompata. Huwindi tena mwaka huo.

Asubuhi moja alimpiga dume ukingoni mwa msitu. Dume alikunja mgongo, akaingia mierezini akijikokota. Damu ilikuwa nyeusi, ina vipande vya majani yaliyotafunwa.

"Nimempiga tumboni," Aili alisema, akakaa kwenye gogo. "Tumwache alale mpaka alasiri, atafia hapo hapo."

Reino, mdogo wa marehemu, alitazama juu. Theluji ilikuwa imeanza.

"Shemeji, alasiri damu yote itakuwa imefunikwa. Utamfuata kwa kunusa?"

"Ukimwamsha sasa, atakimbia mpaka Kanada."

"Haya, kaa. Nikuletee na mto?"

Aili alimimina kahawa, hakuinywa. Tone moja la damu likatoweka mbele ya macho yake, kisha jingine. Akasimama.

"Twende. Na usikohoe."

Waliinama chini ya matawi. Hatua chache ndani, Aili alisita. Humo kulikuwa kukavu. Mierezi ilikuwa imefungamana kama dari, theluji yote imebaki juu, na damu ilionekana tone kwa tone. Ingengoja hata kesho. Ndiyo sababu kulungu hukimbilia humo, na Aili alilijua hilo tangu akiwa bibi harusi.

"Turudi," alinong'ona.

Kijiti kilivunjika mbele. Mkia mweupe uliinuka, ukapotelea upande wa mbuga iliyo wazi. Walipofika dume alipokuwa amelala, majani yalikuwa bado na joto. Nje ya miti, theluji ilikuwa imefuta kila kitu. Walizunguka mpaka jua likaanza kushuka.

Njiani kurudi, jike mnene alitokea, akasimama akiwapa ubavu.

"Yule pale, shemeji," Reino alinong'ona. "Mimi asubuhi sikuona kitu."

Aili aliinua bunduki. Jike aligeuza sikio moja. Reino anasema hata yeye aliacha kupumua.

Kisha Aili akaishusha, akatoa risasi moja moja, akazitia mfukoni. Jike akaruka, akaenda zake.

"Sasa utakula nini?"

"Chakula chenu. Mwambie mkeo aongeze viazi."