Herufi za Duka la Miwani

Mtaa mzima ulimwita Kalamu, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya biashara. Aliianza kwa brashi na kopo la rangi, juu ya ngazi, mimba ya kifungua mimba wake ikiwa na miezi saba. Baadaye akahamia kwenye kompyuta na mashine ya kukata stika, ila ulimi ulibaki uleule. Mteja akimwambia, "Weka fonti yoyote tu," alimtazama kutoka utosini hadi nyayoni.

"Na viatu, unavaa vyovyote tu? Cha kushoto cha mtoto, cha kulia cha askari?"

Wengine walicheka, wengine waliondoka wamenuna. Aliyemchukia waziwazi alikuwa mmoja tu, wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Chuki hiyo Kalamu aliirudisha kwa kipimo kilekile.

Siku wifi alipoamua kufungua duka la miwani, kaka mtu alimsihi ampe dada yake kazi ya bango na tovuti, walau kwa ajili ya amani. Wifi akaja karakana, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, akatoa simu.

"Nataka hizi."

Kalamu akachungulia. Zilikuwa herufi nyembamba kama uzi, zenye mikia inayojikunja na kuparamiana, za kijivu juu ya nyeupe.

"Wifi, hizi zinafaa kadi ya harusi. Mtu ameishika mkononi, anaisoma taratibu. Bango linasomwa na mtu anayepita. Tena wewe unauza miwani! Anayekuja kwako haoni."

"Wateja wangu ni watu wa kisasa."

"Kwani macho ya kisasa hayaingii ukungu?"

Wifi alikunja midomo, akarudisha simu mkobani. Kalamu, pamoja na kiburi chake chote, aliifanya ile kazi kwa siku mbili kama vile anamfanyia mtu anayempenda. Alichora neno MIWANI kwa herufi nene zilizosimama wima, rangi ya buluu nzito. W na A alizisogeza zikaribiane, maana zikiachwa zenyewe huacha pengo. Akachapa kwa ukubwa kamili, akabandika ukutani, akamwita wifi.

Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. "Hili la bohari ya saruji! Sikulaumu, umezoea kuandika 'Usikojoe Hapa'."

"Na hawakojoi," Kalamu akajibu. "Kwa sababu wanasoma."

Wifi akaupiga picha mchoro, eti akamwonyeshe mumewe, akatoka bila kuaga. Kazi akaipeleka kwa mchoraji mwingine, kijana wa ng'ambo ya pili ya mji, asiyebishana na mteja.

Siku ya ufunguzi Kalamu ndiye aliyemleta mama yao, bibi ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Angeweza kumpitisha moja kwa moja hadi mlangoni. Hakufanya hivyo. Alimsimamisha ng'ambo ya barabara, mbele ya wageni waliokuwa wakisubiri kuvuka, akamuuliza kwa sauti ya upole ambayo hata yeye mwenyewe hakuizoea, "Mama, hebu soma pale pameandikwa nini."

Mama alikunja uso, akainua kidevu, akajitahidi. "Ma... majani? Mkwe wangu anauza majani?"

Kicheko kilichopasuka kilifika hadi ndani ya duka. Wifi akatoka, uso umemwiva.

"Umemfundisha mama aje kunivunjia heshima!"

"Sikumfundisha chochote. Nimemwambia asome."

Hapo alisema kweli, na ndani ya ule ukweli alijua alichokifanya. Mama alipoelewa kwamba wanamcheka yeye, aliushika mkono wa binti yake kwa nguvu, akanong'ona, "Nirudishe nyumbani." Njia nzima hakuuachia ule mkono. Kitu hicho pekee ndicho kilichomkaa Kalamu moyoni. Aibu ya wifi ilimpa usingizi mzuri.

Miezi minne baadaye alipita mtaa ule kupeleka stika, akasimama ghafla. Bango lilikuwa limebadilishwa. Herufi nene, wima, buluu nzito. Zake! Zimetolewa kwenye ile picha ya simu, tena vibaya: aliyezinakili hakujua siri ya W na A, akaacha pengo la kutosha kupitisha paka, likasomeka MIW ANI.

Akaingia hivyohivyo na mzigo wake begani. "Hizo ni herufi zangu."

Wifi hakuinuka kwenye kiti. "Herufi zina mwenyewe? Alfabeti ni ya ukoo wenu?"

"Hata kuiba mmeshindwa," Kalamu akasema. "Mmeiba mpaka nusu."

"Mlango ule pale, wifi. Umeuona, au nikupime macho?"

Wiki iliyofuata kaka mtu alikuja karakana, akazungukazunguka kabla ya kulitoa lililomleta. Tovuti bado ilikuwa na zile herufi za uzi. Kwenye namba ya simu, moja na saba hazikutofautiana, na wateja walikuwa wakimpigia fundi wa magurudumu ambaye sasa anatukana kila anayetaja miwani.

"Irekebishe tu, dada. Kwako ni kazi ndogo."

Ilikuwa nusu saa. Kubadili fonti, kukoleza rangi, kupanua nafasi. Kalamu aliijua mpaka mahali pa kubonyeza.

"Mkeo aje mwenyewe aniombe."

"Unajua hatakuja."

"Basi fundi wa magurudumu aendelee kumpokelea simu."

Kaka akainuka. "Mnanichosha," akasema, "nyote wawili," akaondoka akiwa ameacha kikombe cha chai kimejaa.

Wifi hakuja, na Kalamu hakuigusa tovuti. Siku hizi mama ndiye anayezunguka nyumba hizo mbili. Akifika huku husema, "Wifi yako anakusalimu," na akifika kule husema vilevile, ingawa hakuna aliyemtuma. Wote wawili wanalijua hilo, na wote wawili humwitikia mama, si salamu.