Chumvi Bila Sukari

Kipindupindu kiliingia kijijini kwa Dorotea mwaka ule wa msako wa walanguzi, maduka yakiwa matupu. Yeye ndiye aliyekuwa nesi wa zahanati. Dripu zilikwisha kwa wagonjwa wa mwanzo, na pakiti za unga wa kuchanganya na maji zikafuata. Gari la kuleta nyingine lilikosa mafuta.

Kisha akaletwa Masatu, kaka yake, mvuvi wa sato. Macho yalishaingia ndani. Mkewe, Selestina, alimnywesha maji kikombe baada ya kikombe, yakapita kama yalivyoingia.

"Wifi, mbona anakunywa na bado anakauka?" aliuliza.

"Utumbo wake hauyapokei," Dorotea alisema. "Kila seli ina utando, na kwenye utando mna vijilango. Ugonjwa huu umeacha kimoja tu kinachofanya kazi vizuri, na hicho hupitisha chumvi ikiwa imeshikana na sukari. Vikivuka vyote viwili, maji huvifuata."

"Chumvi tunayo."

"Chumvi peke yake itabaki nje."

Selestina alizunguka nyumba zote. Watu walikuwa hawajaonja chai ya sukari tangu Pasaka. Dorotea akamwachia Selestina mgonjwa, akapanda baiskeli kwenda Musoma.

Huko, mtaa wa Mukendo, alikuwapo Alawi, mwenye duka, ambaye miaka yote aliwauzia watu wa ziwani. Alimkuta amekaa mlangoni, rafu nyuma yake hazina kitu.

"Mzee Alawi, sitaki ya chai. Nataka ya dawa. Hata vikombe viwili."

Alawi alitazama barabarani kwanza. "Mwanangu, nilikuwaga nayo. Magunia mawili. Niliposikia wanapekua nyumba kwa nyumba, niliyamwaga ziwani."

"Yote?"

"Yote. Nilikung'uta hata magunia."

Dorotea alisimama pale, mkono kwenye usukani. Hakuwa na la kumlaumu. Aliuliza maduka mengine, akatikisiwa vichwa, akageuza baiskeli. Njiani ziwa lilikuwa kulia kwake, na hakutaka kulitazama.

Akiwa kwenye mwinuko wa mwisho alikumbuka jambo alilosikia chuoni na kulipuuza: wanga wa nafaka ukivunjika tumboni hugeuka sukari. Alipofika hakupumzika. Alikoroga uji mwepesi wa mtama, akatia chumvi kidogo, akauonja. Haukuzidi chumvi ya machozi.

Masatu alimeza vijiko vichache, akatapika. Akajaribu tena. Ngozi ya tumbo, ukiifinya, ilibaki imesimama. Ulimi ulikuwa mkavu. Jua lilipoegemea ziwani, alikata roho kwenye mapaja ya mkewe.

Waliobaki wakapewa uji uleule, wakiwa bado na nguvu ya kumeza. Wengi waliinuka. Ndugu zao walimshukuru Dorotea, naye akaitikia huku akitazama chini.

Siku ya kuanua matanga, Selestina alimuuliza, "Wifi, ungewahi kuupika ule uji kabla hujaenda mjini, angepona?"

"Sijui," Dorotea alisema.

"Na ungeipata sukari?"

"Sijui, wifi. Kweli sijui."

Selestina alisogea, wakakaa mkeka mmoja. Walikaa hivyo mpaka wageni walipoanza kuaga.