Wimbo wa Kufunika Kilio

Karatasi ya Biblia ikilowa, kisha ukaikausha karibu na makaa, inatoa harufu ya wali unaoanza kuungua. Msinibishie, naijua. Mwaka huu maji yalipoingia tena nyumbani kwetu Buterere, nilimwokoa mtoto kwanza, halafu godoro, na Biblia ya mama yangu ikabaki inaelea. Nilipoiweka kando ya jiko harufu ile ikapanda, nikawa tena na miaka tisa. Na hasira ikapanda pamoja nayo.

Kanisa letu wakati ule lilikuwa mabati na nusu ukuta. Kila Jumapili sisi watoto tulisimama mbele, mmoja mmoja, kusema mstari wa moyo. Usipokosea, Mama Godelive, mkubwa wa wamama wa kanisa, anakupa andazi la moto. Mimi nilikuwa mjanja, au tuseme mvivu. Kila mara nilisema mstari mfupi kuliko yote, ule wa Yesu kulia kwenye kaburi la rafiki yake. Maneno mawili matatu, andazi mdomoni.

"We, huyu Yesu wako kila juma analia tu!" Mama Godelive alinitania. "Hachoki?"

Kanisa zima linacheka, mimi natafuna. Hakuna aliyenieleza kwa nini alilia. Wala hakuna aliyenionyesha kwamba pale kaburini watu walimwacha alie.

Mdogo wangu Dieudonné alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alitembea kama bata, na kijiko changu alikifanya chake. Mvua za mwaka ule zilileta maji ya mashamba ya mpunga na ya vyoo, yote pamoja, hadi chini ya kitanda. Jumatatu akaanza kuhara. Jumatano alikuwa mwepesi mgongoni kwa mama kana kwamba kitenge hakikubeba kitu. Alhamisi tulimzika.

Wamama wa kanisa walikuja. Siwezi kuwadanganya, walifanya kazi: walitoa matope, walipika maharage, walinisuka nywele. Lakini kila kifua cha mama kilipoanza kutikisika, Mama Godelive alianzisha wimbo. Wengine wanadakia, makofi yanapigwa, sauti zinapanda mpaka mama ameze alichotaka kutoa.

"Mutoto mudogo haliliwi hivyo," alimwambia. "Utafunga tumbo, usizae tena. Na machozi yako yanamwambia Mungu kwamba amekosea."

Siku walipoondoka alinishika bega. "We ni mukubwa sasa. Ukiona mama yako anaanza kulia, kimbia utuite. Umesikia?"

"Ego, mama," niliitikia. Nilijiona nimepewa cheo.

Kesho yake mama alikuwa nyuma ya nyumba, beseni mbele yake, anafua nguo za Dieudonné. Alipofika kwenye sweta ya njano, hakuitia majini. Aliiweka puani. Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, nzito, kama kitu kinachong'olewa ardhini na mizizi yake.

Nikakimbia. Miguu mitupu, matope hadi magotini, nikifurahi kama niliyetumwa kuleta dawa.

Walikuja wakiimba tangu njiani. Mama aliinua uso, na hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Halafu akaizamisha sweta majini, akaanza kuisugua. Mama Godelive akatoa andazi kwenye mfuko wake, akanipa. "Umefanya vizuri, mutoto wangu."

Nililila lote.

Toka siku ile mama hakulia tena. Hakucheka pia. Jina la Dieudonné lilitoka nyumbani mwetu kama mgeni aliyefukuzwa. Na mimi shuleni nilijisifu kwamba mama yangu ni mwanamke mwenye nguvu.

Baadaye, niko sekondari, niliisoma ile Biblia mwenyewe. Daudi anapanda ngazi akilia na kumwita mwanawe kwa jina. Raheli anawalilia watoto wake na kukataa kabisa kufarijiwa, na hakuna aliyemfuta kitabuni. Hata Ayubu, ambaye maneno yake wamama waliyarudia mlangoni kwetu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, alirarua joho lake kwanza. Hapo wanaruka. Kwa nini mnaruka hapo?

Nilisema nilimwokoa mtoto. Nilimtoa majini tu. Kaneza wangu, miezi minane, aliharisha siku nne, akafa wiki mbili baada ya mafuriko ya mwaka huu.

Mama Godelive alikuja, mzee sasa, na fimbo. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni, macho makavu. Kifua changu kilipoanza, wimbo ukaanza. Uleule.

"Mama Godelive, nyamaza."

"We! Mi ndiyo unaniambia ninyamaze?"

"Ego, wewe. Andazi lako nililila zamani. Leo nalia."

Nikalia. Sikujali tumbo, sikujali majirani. Katikati ya kilio changu nikasikia sauti nyingine ikitoka pembeni, nikadhani mama anamwita Kaneza. Nikanyamaza nisikie vizuri. Alikuwa anasema, "Dieudonné. Dieudonné wangu. Yuko wapi mutoto wangu?" Miaka kumi na minane. Aliuliza kana kwamba amezikwa asubuhi ile.

Hakuna aliyethubutu kuimba.

Yule mtoto wa miaka tisa alidhani anakimbia kuita msaada. Alikuwa anamnyang'anya mama yake kitu pekee alichobakiwa nacho, na akalipwa andazi. Sikumwomba mama msamaha. Nilijivuta nikakaa karibu yake kwenye mkeka, tukalia wawili, kila mtu na wake. Hatukufarijika. Hatukutaka.