Pipa Langu Haliondoki

Jumanne, Agosti 1983. Asubuhi ya upepo na vumbi, hakuna wingu.

Wenzangu, leo nimeamriwa niondoe pipa langu uani. Haliondoki!

Mnalijua: humo ndimo ninamokaushia nyama ya ngamia kwa moshi, na ndilo linalolisha wanangu. Unga wa mbao unatoka kwenye sanduku lililo pembeni, unateremka kwa bomba, unaungua polepole chini ya pipa.

Mchana nikaona moshi unatoka kwenye sanduku. Upande usio wake kabisa! Moto ulikuwa umerudi nyuma ndani ya bomba.

Shemeji yangu Guyo akaja mbio. "Si nilisema? Fungua tuone!"

"Usifungue!"

Akafungua sanduku. Moto ukamla nyusi.

Nikarudisha kifuniko, nikatandaza gunia bichi juu, nikaziba bomba kwa udongo. Mwanamke yeyote aliyefukiza kibuyu cha maziwa anajua: moto ukizidi, funika, usubiri. Ukazimika.

"Pipa litoke leo," Guyo akasema. "Utatuchoma."

Nikapanda kuangalia tundu la moshi juu ya pipa. Limezibwa kwa kikoi! Kumbe moshi ulikuwa ukiwasumbua wageni wa Guyo, akaliziba bila kuniambia. Moto uliokosa njia ya juu ukatafuta hewa kwenye sanduku.

"Shemeji, kikoi hiki ni cha nani?"

Mke wake akacheka mpaka akakaa chini.

Nimekwangua bomba, nimewasha tena, yeye akitazama. Ninyi mngeliondoa?

Nyama imekauka vizuri. Naenda kulala, saa tatu na nusu usiku.