Kimo cha Jana

Kazini walimwita Mama Futi, na jina hilo alilipenda kuliko lile la mume aliyemkimbia. Shule hakuuona hata mlango wake, lakini namba alizijua tangu utotoni, akiuza nyanya na mama yake. Kwa shemeji yake mpimaji ardhi, aliyemwoa mdogo wake, hilo lilitosha. Asubuhi shemeji anasimamisha stendi ya miguu mitatu juu ya alama ya zege, anafunga antena kileleni. Mama Futi anavuta futi kutoka kwenye alama hadi kwenye antena, anataja kimo, shemeji anakiingiza kwenye kidude cha mkononi. Kidude hakina macho, kinaamini unachokiambia. Ukikidanganya kimo cha antena, nacho kitakudanganya kimo cha ardhi yote.

Walikuwa wakipima mtaro wa maji ya mvua, wakipigilia vigingi vya kuonyesha mafundi kina cha kuchimba. Siku ya kwanza walianzia chini, bondeni, siku ya pili wakapanda juu. Asubuhi hiyo ya pili stendi ilisimamishwa upya, na miguu yake ikafupishwa kidogo.

"Sentimita mia na arobaini na tatu, shemeji."

Shemeji alikuwa na simu sikioni, anacheka na mtu. "Jana si ilikuwa mia na hamsini na mbili? Alama ni ileile, shem. Alama haiendi sokoni."

"Alama haiendi, ila miguu tumeifupisha."

"Sawa, sawa," akasema, na kidole chake hakikugusa kidude. Mama Futi aliitaja tena namba yake, safari hii kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyenuna. Kisha akakunja futi.

Mtaro ukachimbwa, ukajengwa, na mvua ya kwanza ikauumbua. Maji yalifika katikati yakagoma, yakageuka, yakaingia vyumbani mwa watu.

Bosi wao akaja mwenyewe. Alipima kimo kwa mkono wake, antena ikiwa juu ya alama ileile, wakapitia vigingi vilivyobaki kando ya mtaro, kimoja kimoja. Vya siku ya kwanza havikuwa na neno. Vya siku ya pili vyote vilikaa chini kuliko ilivyotakiwa, kila kimoja kwa upana uleule wa kiganja, ndiyo maana maji ya juu yalikuta kizingiti katikati.

"Kingekosea kimoja, ningesema kimegongwa na toroli," bosi akasema. "Vikikosea vyote sawasawa, ni kimo cha antena. Nani alipima?"

Shemeji akaangalia viatu vyake. "Futi anashika shem."

Hapo hapakuwa na uongo, na ndiyo maana pakauma. Mama Futi alingoja amalizie. Hakumalizia. Mdogo wake alikuwa mjamzito, na nyumba yao ndiyo kwanza imeezekwa. Mwanamume ana aibu mbele ya mkubwa wake, akajiambia, atanitetea wakiwa wawili.

"Mama, pumzika kidogo, tutakuita," bosi akasema, kwa upole mbaya kuliko tusi.

Hawakuita. Sasa anafua nguo za watu. Simu ikilia anaipokea na povu mikononi, kumbe ni mtu anaulizia shati lake.

Mtoto wa mdogo wake alipozaliwa, alikwenda kumwona.

"Dada na wewe, namba tu," mdogo wake akasema, huku akichambua mchele. "Mume wangu nusura afukuzwe kwa sababu yako."

"Mimi niliitaja sawa. Yeye aliacha ya jana, alikuwa anaongea na simu."

Mikono ikasimama juu ya ungo. "Bosi alipouliza, ulisema hivyo?"

"Sikusema."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi usije kuniambia mimi leo. Mwenzio alipoulizwa alijibu."

Alitaka kusema: nilinyamaza kwa ajili yako. Lakini mdogo wake alikuwa anamtazama vile watu wanavyomtazama mwizi anapoanza kutaja wenzake. Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishiwa nusu. Nyuma yake shemeji alikohoa, akapunguza redio. Mama Futi akangoja, kwa ujinga uleule wa mtaroni, labda atatoka aseme neno.

Redio ikapandishwa. Akampakata mtoto kidogo, akamrudisha kwa mama yake, akaaga.